Rubén Blades: aliyemwimba mpiga kura, kisha akamwomba kura

Juma hili nataka tuzungumze habari za mwanamuziki wa Panama anayeitwa Rubén Blades. Wengine miongoni mwenu mnamjua kwa sauti bila ya kumjua kwa jina. Ule wimbo wake juu ya jambazi mwenye jino la dhahabu umekuwa ukipigwa redioni na katika kumbi za dansi za nchi nyingi tangu mwaka 1978, na kwa kuwa umeimbwa kwa Kihispania wengi wetu tumeucheza tu, hatukuuliza unasema nini. Unaeleza habari ya mauaji. Watu wawili wanakufa barabarani usiku, na sisi tunazungusha viuno.

Sikumchagua Blades kwa sababu ya dansi peke yake. Mwanamuziki yeyote anayewasemea wanyonge huja siku akaulizwa swali moja, ama na waandishi ama na majirani: kama unayajua matatizo yetu vizuri hivyo, mbona hugombei ukayaondoa? Wengi hulikwepa kwa kicheko. Blades hakulikwepa. Mwaka 1994 aligombea urais wa nchi yake. Na kilichompata kinastahili kuelezwa kwa urefu, maana huyu ndiye aliyekuwa ametunga, miaka 17 kabla, wimbo mkali kuliko mwingine wowote niujuao juu ya mtu maskini anayepiga kura kisha asipate kitu.

Nianze na jina. Watu wengi wanaosema Kihispania hutamka "Bla-des", lakini katika familia yake hutamkwa kwa Kiingereza, yaani "Bleidzi", kwa sababu babu yake mzaa baba alitoka kisiwa cha Saint Lucia, kilichokuwa koloni la Waingereza. Baba yake alizaliwa Kolombia, akawa mpiga ngoma za bongo na baadaye askari kanzu. Mama yake alikuwa Mcuba, mpiga piano, mwimbaji na mwigizaji wa michezo ya redio. Rubén mwenyewe alizaliwa tarehe 16 Julai 1948 katika mtaa wa San Felipe, mji wa Panama, mtaa wa nyumba kuukuu ambako familia nyingi ziliishi katika jengo moja, kila familia na chumba chake. Bibi yake, Emma, mwalimu aliyekuwa mbele ya wakati wake katika kutetea haki za wanawake, ndiye aliyemfundisha kusoma akiwa bado mdogo sana.

Sasa lazima nieleze jambo moja la Panama, la sivyo mengine hayataeleweka. Kwa mkataba wa mwaka 1903 Marekani ilipewa kipande cha ardhi chenye upana wa kilomita 16 hivi, kilichoikata nchi katikati kutoka bahari hata bahari, ili ichimbe mfereji wa meli na kuusimamia. Ndani ya kipande hicho palikuwa na polisi wa Marekani, shule za Marekani na bendera ya Marekani. Mpanama akivuka barabara fulani katika mji wake mwenyewe alikuwa ameingia mikononi mwa wengine. Tarehe 9 Januari 1964 wanafunzi wa sekondari wa Kipanama waliandamana kwenda kuipandisha bendera yao kando ya ile ya Marekani katika shule moja ya ndani ya eneo hilo. Bendera yao ikachanwa katika vurugu. Ghasia zilidumu siku kadhaa, Wapanama zaidi ya 20 wakafa pamoja na askari 4 wa Kimarekani.

Rubén alikuwa na miaka 15. Mpaka hapo alikuwa kijana wa mjini kama vijana wengine, anayeimba nyimbo za rokenroli kwa Kiingereza alichokisikia redioni na katika sinema. Baada ya siku hizo aliacha kuimba kwa Kiingereza, akageukia muziki wa Kihispania wa Karibiani. Ukitaka kujua siasa iliingia lini katika muziki wake, iliingia hapo, kabla hajatunga hata wimbo mmoja wa maana.

Na muziki huo wenyewe, ndugu zangu, si mgeni kwetu. Ulitoka Afrika ukiwa katika ngoma na vifua vya watumwa, wengi wao wa kutoka Kongo, ukakaa Cuba ukachanganyikana na gitaa la Wahispania. Kuanzia miaka ya 1930 ukarudi huku katika santuri zilizoandikwa herufi GV, ambazo vijana wa Kinshasa na Brazzaville walizisikiliza mpaka wakazimaliza, wakazaa rumba yao. Ndiyo maana Morogoro ilikuwa na bendi iliyojiita Cuban Marimba, ya marehemu Salum Abdallah. Kule New York nako, wahamiaji wa Puerto Rico na Cuba waliuchukua muziki ule ule, wakautilia tromboni nzito na ukali wa mitaa yao, wakauita salsa, neno ambalo maana yake ni mchuzi. Kampuni kubwa ya mchuzi huo ilikuwa Fania, iliyoanzishwa mwaka 1964 na mwanamuziki Johnny Pacheco na mwanasheria Jerry Masucci. Mwaka 1974, katika ile tamasha iliyotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman, wanamuziki wa Fania walipiga Kinshasa, na Wakongo hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuucheza.

Mwaka huo huo wa 1974 ndio Blades aliohamia New York. Alikuwa amekwisha kupata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Panama. Masomo hayo yalikatizwa katikati kwa sababu wanajeshi waliopindua serikali Oktoba 1968 walikifunga chuo kwa muda, naye akautumia muda huo kwenda New York kurekodi santuri yake ya kwanza, ambayo haikufika popote. Mwaka 1973 familia yake ililazimika kuhamia Miami, baada ya baba yake kutuhumiwa na upelelezi wa jeshi uliokuwa chini ya Manuel Noriega. Basi mwanasheria huyu kijana, asiye na leseni ya kufanya kazi ya sheria Marekani, akaomba kazi Fania. Kazi aliyopewa ilikuwa katika chumba cha barua. Alipanga bahasha na kubeba mifuko ya posta katika kampuni ambayo baada ya miaka minne ingeuza santuri zake kuliko za mtu mwingine yeyote.

Alipanda pole pole. Aliimba katika bendi ya Ray Barretto, mpiga konga mashuhuri, kisha akaungana na Willie Colón, mpiga tromboni kijana mzaliwa wa Bronx. Colón alikuwa ametoka kuachana na mwimbaji wake Héctor Lavoe, ambaye maisha yake yalikuwa yameanza kuharibika kwa dawa za kulevya. Nitaje hapa jambo moja linaloonyesha tabia ya mtu: wimbo "El Cantante", unaoeleza upweke wa mwimbaji ambaye kila mtu anamfurahia jukwaani na hakuna anayemuuliza kama ana machozi, ulitungwa na Blades. Angeweza kuuweka katika santuri yake. Aliutoa kwa Lavoe, ukatoka mwaka 1978, na Lavoe akauimba hata watu wakasadiki kwamba yeye ndiye aliyeutunga.

Sasa nifike kwa Pablo.

Santuri ya kwanza ya Blades na Colón, "Metiendo Mano", ilitoka mwaka 1977. Ndani yake kuna wimbo "Pablo Pueblo". Pueblo kwa Kihispania ni watu, umma, wananchi, kwa hiyo jina zima ni kama kusema Pablo Mwananchi, au kwa lugha ya mitaani kwetu, Pablo Mlalahoi. Wimbo hauna kisa kikubwa. Mtu anatoka kazini kiwandani jioni, amechoka, anaingia katika uchochoro anaoishi. Anapita kwenye takataka na kelele. Ukutani kuna mabango ya wanasiasa, ahadi za zamani zinazobanduka. Anapanda ngazi za jengo lao, anawatazama mke na watoto, anajiuliza mpaka lini. Mtu huyu alipiga kura, alitumaini, na baada ya uchaguzi akabaki na njaa ile ile. Basi. Hakuna anayekufa, hakuna anayepindua serikali. Halafu kondakta wa bendi anageuza, ngoma zinapanda, na ukumbi mzima unamcheza Pablo.

Hapa yafaa nieleze ufundi wa jambo hili, kwa sababu ndipo Blades alipowazidi wenzake. Wimbo wa salsa una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kusimulia, ya pili ni ya kiitikio: waitikiaji wanarudia maneno machache, mwimbaji anajibu kila mara kwa maneno mapya anayoyatunga papo hapo. Msikilizaji wa kwetu aliyekulia katika ngoma hahitaji maelezo zaidi. Watunzi wengi waliiharakisha sehemu ya kwanza, wakaweka mapenzi kidogo na sifa za mtaa, ili wawahi kwenye kucheza. Blades akaifanya sehemu ya kwanza kuwa hadithi kamili, yenye mtu mwenye jina, kazi, nguo na njia anayopita. Kisha ile sehemu ya pili ikawa ndiyo nyundo: unacheza, unarudia kiitikio mara ishirini, na unapotoka ukumbini umekwisha kukariri habari ambayo usingeisoma gazetini hata ingechapwa ukurasa wa mbele.

Wenye kampuni na wenye redio hawakupenda. Hesabu yao ilikuwa dakika tatu kwa wimbo. Nami nikiwa mtu wa redio naijua hesabu hiyo, maana tangazo la sabuni halingoji. Wimbo wa jambazi niliouanza nao, "Pedro Navaja", una zaidi ya dakika saba. Navaja ni kisu cha kukunja. Pedro Kisu anatembea mtaani na kofia pana na miwani myeusi, mkono mfukoni. Mwanamke anayejiuza, ambaye usiku ule hajapata mteja, anapita upande wa pili. Pedro anamrukia na kumchoma kisu, naye anafyatua bastola aliyokuwa nayo. Wote wawili wanaanguka. Mlevi mmoja anapita, anawakuta, anaokota kisu, bastola na fedha, anakwenda zake akiimba kwa sauti mbovu. Hakuna polisi shujaa wala hotuba. Blades alilichukua wazo katika wimbo wa Kijerumani wa Bertolt Brecht na Kurt Weill juu ya Mack mwenye kisu, ulioimbwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1928 katika mchezo ambao nao ulitokana na mchezo wa John Gay ulioonyeshwa London mwaka 1728. Kwa hiyo jambazi huyu alisafiri miaka 250 kufika New York, na kila alikopita alikuta mtaa wa kumfaa.

Wimbo huo umo katika santuri "Siembra" ya mwaka 1978. Inatajwa kwamba iliuzwa nakala zaidi ya milioni 3, jambo ambalo salsa haikuwahi kuliona. Katika santuri hiyo hiyo kuna "Plástico", unaoanza kwa mdundo wa disko, ukakuhadaa, halafu ukabadilika kuwa salsa na kuwacheka watu wa plastiki wanaokopa ili waonekane matajiri. Mwishoni mwake Blades anaita nchi za Amerika ya Kilatini moja moja kama mwalimu anayeita majina darasani, nazo zinaitika. Alipofika kwenye Nicaragua aliitaja kana kwamba dikteta wake, Somoza, amekwisha kuondoka. Somoza aliondoka Julai 1979, mwaka uliofuata.

Mambo hayo yalimletea maadui. Mwaka 1981 alitoa "Tiburón", yaani Papa, juu ya samaki mkubwa anayezunguka pwani za wengine akitafuta cha kumeza. Kila mtu alielewa kwamba papa huyo ni Marekani, na vituo vya redio vya Miami, mji wa wakimbizi wa Cuba waliomchukia Fidel Castro, vikaacha kuzipiga nyimbo zake. Walimwita mkomunisti. Hakuwa mkomunisti, na wala hakuwa mtu wa kumpigia magoti jenerali yeyote, wa mkono wa kulia au wa kushoto. Lakini katika zama zile za vita baridi mtu aliyekataa kuchagua upande alipigwa mawe na pande zote mbili.

Kazi ambayo mimi naiona kuwa kubwa kuliko zote ilitoka mwaka 1984, baada ya kuachana na Colón na Fania na kuanzisha bendi yake, Seis del Solar. Santuri inaitwa "Buscando América". Aliondoa tarumbeta na tromboni, kitu kilichokuwa kama kuondoa nazi katika wali, akaweka vinanda vya umeme na marimba ya chuma, akachanganya salsa na rege, na rok, na maigizo ya sauti. Watu wa salsa halisi walinung'unika. Lakini mchanganyiko huo ulikuwa na sababu: muziki ukipungua kelele, maneno yanasikika.

Na maneno yalihitaji kusikika. Tarehe 24 Machi 1980 Askofu Mkuu Oscar Romero wa San Salvador, aliyewataka askari wasitii amri ya kuua raia, alipigwa risasi akiwa altareni anaendesha misa. (Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2018.) Blades alitunga wimbo juu yake, lakini hakumtaja Romero katika hadithi yake. Alimtunga Padre Antonio, Mhispania aliyetumwa parokia ndogo ya mashambani, na mtumishi wake wa altareni, mtoto Andrés wa miaka kumi, anayependa mpira na asiyeweza kukariri sala zake vizuri. Vita vinawakuta kanisani siku ya Jumapili. Andrés anakufa bila ya kumwona Pelé. Sijui wimbo mwingine ambao unakufanya ucheze na kukuziba koo kwa wakati mmoja namna ile. Kifo cha askofu ni habari ya dunia. Kifo cha mtoto aliyetaka kumwona Pelé ni habari ya kila nyumba.

Katika santuri hiyo hiyo kuna "Desapariciones", juu ya watu waliokuwa wakichukuliwa usiku na askari katika nchi za Amerika ya Kusini wasionekane tena. Wimbo mzima ni ndugu wanaotafuta. Mmoja anatafuta mume, mwingine dada, mwingine mtoto, na kila mmoja anatoa maelezo kama anavyotoa mtu aliyesimama kwenye kaunta ya kituo cha polisi: alivaa shati la namna gani, alitoka saa ngapi, anasoma nini. Hakuna kauli mbiu hata moja. Bendi za vijana za miaka iliyofuata, Los Fabulosos Cadillacs wa Argentina na Maná wa Mexico, waliurudia wimbo huo, kwa sababu waliokuwa wakitafutwa walikuwa bado hawajapatikana.

Katika kilele hicho cha umaarufu mtu huyu alifanya kitu ambacho meneja wake bila shaka hakukipenda: aliacha jukwaa akaenda darasani. Mwaka 1985 alipata shahada ya uzamili ya sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard. Filamu zilikuja, tuzo za Grammy zikaja, akarekodi pia kwa Kiingereza mwaka 1988 akisaidiwa na Sting, Lou Reed na Elvis Costello. Sitakaa hapo. Ile shahada ya pili ndiyo iliyoonyesha anakoelekea.

Tarehe 20 Desemba 1989 majeshi ya Marekani yaliivamia Panama ili kumkamata Noriega, aliyekuwa amegeuka kutoka mshirika wao hadi adui. Mtaa wa maskini wa El Chorrillo, uliokuwa karibu na makao makuu ya jeshi, uliteketea. Blades alimpinga Noriega na akaupinga uvamizi. Kisha akaona, nadhani, kwamba kupinga kila kitu ukiwa mbali kuna mwisho wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliongoza kuundwa kwa chama kipya, akakiita Papá Egoró, maneno ya lugha ya Waembera, wenyeji wa asili wa misitu ya Panama, yenye maana ya Mama Ardhi. Na katika uchaguzi wa Mei 1994, wa kwanza tangu uvamizi, akasimama kugombea urais.

Fikirini hali yenyewe. Pablo Mwananchi, yule wa mabango ukutani, sasa anapita na kuliona bango jipya, na sura iliyo juu yake ni ya yule aliyemwimba.

Matokeo yalikuwa hivi. Ernesto Pérez Balladares, wa chama kile kile kilichokuwa kimeshirikiana na wanajeshi, alishinda kwa asilimia 33 hivi. Mireya Moscoso, mjane wa rais wa zamani, alipata kama asilimia 29. Blades akawa wa tatu kwa asilimia 17 hivi, na chama chake kikapata viti 6 bungeni. Kwa chama changa kisicho na fedha si haba hata kidogo. Lakini linganisheni: "Siembra" ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 3, na Panama yote wakati ule ilikuwa na watu wasiotimia milioni 3.

Kwa nini hawakumpa? Sababu ya kwanza waliisema waziwazi: alikuwa ameishi Marekani miaka 20. Wakati wa vikwazo vya uchumi, wakati benki zimefungwa na mishahara haitoki, yeye hakuwa kwenye foleni. Inaweza kuwa si haki, maana sehemu ya familia yake iliondoka kwa kufukuzwa, lakini mpiga kura haangalii cheti cha kuondokea. Sababu ya pili ni kwamba vyama vya zamani vilikuwa na watu vijijini, mjumbe anayejua nani ana mgonjwa na nani hana karo, na mtandao wa namna hiyo haujengwi kwa tamasha. Ya tatu ni maoni yangu mwenyewe. Mtu anaweza kukupenda sana kwa sababu unamwambia ukweli wa maisha yake, na bado asikukabidhi ufunguo wa ghala. Wimbo haumwahidi kitu. Ndiyo maana anauamini. Siku mwimbaji anapoahidi bomba la maji, anahesabiwa pamoja na wote waliowahi kuahidi bomba la maji. Pablo alikuwa amefundishwa na Blades mwenyewe asiwaamini watu wa mabango, na alikuwa mwanafunzi mzuri.

Baada ya uchaguzi Blades alirudi kwenye filamu na muziki wake Marekani. Wenzake katika chama walilalamika kwamba wameachwa, wakagombana, na kufikia uchaguzi wa mwaka 1999 chama kilikuwa kimekwisha nguvu. Lawama hiyo naiona ina uzito. Kushindwa si kosa, lakini watu waliokufuata wakiacha vyama vyao hawastahili kuachwa njiani. Hata na Willie Colón, rafiki wa zamani, walifikishana mahakamani mwaka 2007 kuhusu fedha za onyesho walilofanya San Juan mwaka 2003. Anayetafuta malaika aende kwingine.

Lakini hadithi haikuishia kwenye kushindwa. Mwaka 2004 Martín Torrijos alichaguliwa kuwa rais, akamwita Blades awe waziri wa utalii. Alikubali, akaweka maonyesho pembeni, akakaa ofisini miaka yote mitano mpaka 2009. Utalii si wizara ya kishujaa. Ni kazi ya vibali, barabara za kwenda ufukweni, na mabishano na wenye hoteli. Aliimaliza bila ya kashfa, jambo ambalo Panama si dogo, na kwetu pia tungelishukuru. Waliotarajia mwanamapinduzi walimwona karani. Mimi namwona mtu aliyekubali hatimaye kufanya kazi ya siasa kama ilivyo, polepole na bila ya makofi.

Muziki wake nao ulizidi kupanuka. Mwaka 1999 alitoa "Tiempos" pamoja na kundi la Editus la Costa Rica, watu wa fidla na gitaa. Mwaka 2002 akatoa "Mundo", ambamo mabomba ya muziki wa Kiayalandi yanakutana na ngoma za Afrika na Cuba, nayo ikapata Grammy ya muziki wa dunia. Baada ya uwaziri, mwaka 2009, alizunguka tena na wenzake wa Seis del Solar, mvi kichwani wote. Mwaka 2021 "Salswing!", mchanganyiko wa salsa na jazi ya bendi kubwa, ilipata tuzo ya albamu ya mwaka katika Grammy za Kilatini. Alikuwa na miaka 73. Grammy zake zimepita 10, na katika hizo hakuna iliyotokana na wimbo wa dakika tatu ulioandikwa ili kumridhisha mwenye tangazo la sabuni.

Msikilizaji atakayetaka kumtafuta mwenyewe aanze na "Siembra", kwa sababu ngoma zake zinamshika mtu hata kama hajui neno moja la Kihispania. Kisha aende kwenye "Buscando América", na awe na mtu wa kumfasiria. Akimaliza hapo atafute "Maestra Vida" ya mwaka 1980, iliyotoka katika santuri mbili. Ni hadithi moja ndefu ya familia ya fundi cherehani, kutoka mapenzi ya ujanani, kuzaliwa kwa mtoto, hadi uzee ambao mtoto huyo haji tena kuwatazama wazazi wake. Haikuuzwa kama zile nyingine. Isikilizwe upande baada ya upande, zote nne, bila kuruka.